Jinsi nilivyochambua maoni ya wenye bastola kwa ajili ya mpwa wangu

Mpwa wangu anaishi Texas na mke wake na watoto wawili. Alipopata kazi ya ulinzi, kampuni ilimweleza kwamba mlinzi anayebeba silaha hulipwa zaidi, ila bastola kila mlinzi hujinunulia. Leseni ya kazi hiyo hutolewa na idara ya usalama wa umma ya jimbo, baada ya mafunzo na mtihani wa kulenga shabaha. Kisheria hakuwa na kizuizi: ana kadi ya ukaazi wa kudumu, na miaka 21 inayotakiwa kwa mtu anayenunua bastola dukani ameipita zamani. Kilichobaki kilikuwa kuchagua. Akanitumia sauti kwenye WhatsApp: "Mjomba, wewe ni mtu wa vyuma. Wenzangu kila mmoja anasifu ya kwake. Nisaidie nijue ipi ni imara kweli, maana karibu zote siku hizi ni za plastiki."

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi, na kazi yetu kubwa ni vipuri vya pampu na vya malori ya migodini: bushi, shafti, gia. Bastola sijawahi kuimiliki wala sina haja nayo. Hapa kwetu mlinzi wa kampuni husimama getini na kirungu na redio, na mwenye silaha ya moto ni polisi aliyepangwa naye. Sikuwa na duka la kwenda kuzishika na kuzipima mkononi. Nilichokuwa nacho ni simu, mega za intaneti za kutosha, na maandishi ya watu wengi mno wanaozimiliki, kwa Kiingereza na Kifaransa. Binti yangu, anayesoma chuo kikuu, alinisaidia pale Kiingereza kilipokuwa kizito.

Mama wa kijana, dada yangu mdogo anayekaa Katuba, hakufurahia jambo hili hata kidogo. Nilipomweleza ninachokitafuta, uimara haukumshughulisha. Aliniuliza: "Yaya, ile kintu haiwezi kumufyatukia yenyewe?"

Nililiandika swali lake juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya lile la mwanawe. Mtu anayesema bastola ni nzuri kwa kawaida anasema inalenga vizuri, haikwami, na inakaa vizuri mkononi. Dada yangu alikuwa anauliza jambo ambalo katika maoni mengi halipo kabisa, na ilinibidi nilitafute kwa njia nyingine.

Nilianza na plastiki, kwa sababu hiyo naijua. Bastola hizi zina fremu ya polima, na polima yenyewe ni ya ukoo wa nailoni. Karakana yetu huchonga nailoni mara kwa mara: bushi za pampu ambazo zingekuwa za bronzi zingeliwa upesi na maji yenye tindikali. Nailoni haipati kutu. Ikigongwa haipasuki ovyo. Lakini ukiibebesha mzigo mmoja kwa muda mrefu penye joto, hulegea na kupoteza kipimo, na ikikaa majini hunywa maji ikavimba kidogo. Ikichanganywa na nyuzi za kioo hukaza sana na kasoro hizo hupungua. Kwa hiyo nilitaka kujua kwanza, katika bastola hii, kazi nzito inafanywa na nini?

Jibu lilinituliza. Mtutu ni chuma, na kitelezi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi ikitoka, nacho ni chuma. Risasi inapolipuka, mtutu na kitelezi vimefungana, na vinaachana tu baada ya mgandamizo kushuka. Fremu ya polima haibebi mlipuko. Inabeba reli ambazo kitelezi kinapita juu yake, inashika magazini, yaani kasha la risasi, na inatoa mahali pa mkono. Hata reli zenyewe ni chuma: kampuni ya Glock huzifinyanga ndani ya plastiki, na wenzao wa Smith & Wesson katika bastola yao ya M&P wameweka chasi ya chuma cha pua ndani ya fremu. Kuhusu joto la Texas, ambalo mpwa wangu alilihofia kwa sababu ya gari kuachwa juani, nailoni ya aina ya 66 huyeyuka karibu nyuzi 260. Gari lililofungwa juani halikaribii hata nusu ya hapo.

Na plastiki hii si mtindo wa juzi. Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa bastola yenye fremu ya polima mwaka 1970, VP70, ingawa haikushika sana sokoni. Iliyobadilisha mambo ni Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Gaston Glock alikuwa hajawahi kutengeneza bastola. Kiwanda chake kilikuwa cha fimbo za mapazia, visu na vitu vya plastiki. Mimi hilo lilinipendeza sana, kwamba mtu wa karakana anayeijua mali yake vizuri aliingia mahali ambapo mafundi wa silaha wa miaka mingi walikuwa wameng'ang'ania chuma. Wazee wetu waliokuwa jeshini wakati wa Zaïre wanaikumbuka GP ya Herstal, Ubelgiji, bastola ya mwaka 1935, chuma kitupu, risasi 13, uzito karibu kilo moja. Glock 17 inabeba risasi 17 na uzito wake pamoja na magazini tupu ni gramu 700 hivi. Mtu anayesimama zamu nzima na kitu hicho kiunoni ataiona tofauti jioni.

Hapo ndipo nikaingia kwenye maoni yenyewe.

Mengi hayana uzito. Mtu amenunua bastola Jumamosi, amepiga sanduku moja la risasi 50, na tayari ameandika kwamba hakuna bora kuliko hiyo duniani. Mwingine imemkwamia mara moja, anaitukana kampuni na nchi inakotoka. Watu wengi husifu walichokilipia. Nimeliona hilo kwa wenye malori, nikaliona na huku. Mteja akileta shafti iliyokatika karakanani, simuulizi kama anaipenda pampu yake. Namuuliza imefanya kazi saa ngapi, ilitiwa mafuta gani, ilianza kupiga kelele lini. Kwa hiyo katika daftari nilichora safu: amepiga risasi ngapi, za aina gani, anasafisha kila baada ya muda gani, nini kilikwama, kilikwama vipi, na baadaye alifanya nini. Maoni ambayo hayakujaza hata safu mbili niliyapita. Yaliyobaki hayakuwa mengi, lakini yalianza kusemezana.

Mfano ni malalamiko ya kukwama. Ukiyasoma juujuu utasema bastola zote hizi ni mbovu. Ukiyachambua, unakuta mambo manne tofauti yameitwa kwa jina moja. Kuna bastola mpya yenye springi bado ngumu, ikilishwa risasi dhaifu za bei nafuu: ganda halitoki vizuri kwa masanduku ya mwanzo, halafu inatulia. Kuna mkono uliolegea. Hili ni muhimu kwa bastola nyepesi: kitelezi kinahitaji fremu isimame ili kirudi safari yake yote, na kifundo cha mkono kikirudi pamoja nacho, safari inakatika njiani. Nilipata wamiliki kadhaa walioandika kwa uaminifu kwamba wao haiwakwamii ila ndugu waliyemwazima inamkwamia kila mara. Maelezo ya namna hiyo ni dhahabu, maana bastola ni ileile na risasi ni zilezile. Kuna magazini mbovu, na hao waliotia namba magazini zao ndio waligundua kwamba tatizo lote linatoka kwenye moja. Halafu kuna bastola yenye kasoro kweli, iliyorudishwa kiwandani. Hizo zipo kwa kila kampuni, na kilichonisaidia zaidi kilikuwa kusoma kampuni iliipokea vipi.

Jambo jingine ni mwaka. M&P ya kwanza ilitoka 2005, na wenye nayo walilalamikia kifyatulio: kinakwaruza kikivutwa, na kikirudi kidole hakisikii kimefika wapi. Mwaka 2017 ikatoka ya pili, M2.0, kifyatulio kimerekebishwa na chasi ya ndani imerefushwa ili fremu isipinde. Bado kuna watu wanaorudia lalamiko la zamani kama wimbo, wengine hata bastola yenyewe hawana. Nilikuwa natafuta tarehe ya kila maoni kabla ya kuyasoma. Huwezi kulaumu gari la mwaka huu kwa breki za lile la zamani.

Somo kubwa nililipata kwenye mpini. M2.0 ina mpini wenye ukwaruzo mkali, na hapo wamiliki wamegawanyika vibaya: nusu wanausifu, nusu wanasema ni kosa kubwa. Nilipotazama safu ya matumizi, mgogoro ukaisha wenyewe. Wanaolalamika wanaibeba ndani ya suruali, chini ya shati, na inawachubua ngozi ya tumbo. Wengine wameipiga msasa. Wanaousifu wanaibeba kwenye ala, mfuko wa bastola, ya nje ya mkanda, tena mikono ikiwa na jasho. Mpwa wangu atavaa sare na ala ya nje, katika jimbo ambalo Agosti ni tanuri. Kwake ile kasoro ni sifa.

Wafaransa na Wabelgiji walinifundisha upande mwingine. Wengi wanaoandika kwa Kifaransa ni wapiga shabaha wa klabu, hupiga risasi nyingi na kuandika hesabu zao vizuri. Lakini macho yao yako kwenye karatasi ya shabaha: wanataka kifyatulio chepesi kabisa, na wanabadilisha springi kukipata. Kwa mlinzi kazini, tena baba wa watoto, kifyatulio chepesi kupita kiasi sikitaki. Niliwasikiliza sana kuhusu kuchakaa, nikawaacha kuhusu kifyatulio. Kwao pia ndiko nilikosoma zaidi kuhusu vilengeo vya plastiki ambavyo Glock nyingi huja navyo: vinalika kwa kusuguana na ala, na wenyewe hununua vya chuma. Hiyo ni gharama ya ziada ambayo haiandikwi kwenye bei.

Swali la dada lilikuwa bado.

Nilichokiona kilinisumbua. Mwaka 2008 Ruger waliziita kiwandani bastola zao za SR9 kwa sababu zile za mwanzo zingeweza kufyatuka zikianguka huku kizuizi cha usalama kinachofungwa kwa mkono kikiwa kimefunguliwa. Mwaka 2017 SIG Sauer, miezi michache tu baada ya jeshi la Marekani kuchagua bastola yao ya ukoo wa P320, walitangaza marekebisho ya hiari kwa P320 za raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikiangukia pembe fulani inaweza kufyatua. Nilirudi kusoma maoni ya wamiliki ya kabla ya Agosti mwaka huo. Ni mazuri. Watu wamepiga maelfu ya risasi, wamejaza safu zangu zote, na wala hawasemi uongo. Hawakuona kitu kwa sababu hakuna mtu anayeidondosha sakafuni bastola yake yenye risasi ili aone. Mmiliki anashuhudia yale anayoyafanya nayo. Ya kuanguka ni kazi ya maabara na ya majaribio ya makusudi. Kwa hiyo kwa swali la dada niliweka wamiliki pembeni, nikatafuta ni bastola zipi zimedondoshwa kwa makusudi na watu wasioziuza, na usalama wa ndani unafanya kazi vipi: je, kuna kizuizi kinachoshika pini ya kupiga mpaka kifyatulio kivutwe? Glock inacho, M&P inacho. Kwa fundi hilo ni jambo la kuchora na kulielewa, na nilimchorea dada yangu kwenye karatasi. Aliitazama ile michoro kwa muda mrefu, akaniuliza kile kipande kidogo kikikatika itakuwaje. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasoma. Nilimjibu kwamba ndiyo maana kuna kusafisha na kukagua, na kwamba mwanawe lazima ajue kukipima, kwa bastola tupu, kila akiifungua.

Kuna jambo lililonifanya niegemee upande mmoja, na sikulipata kwa wanaosifu wala kwa wanaotukana. Nililipata kwa wale wanaoeleza jinsi wanavyosafisha. Ili kuifungua Glock, lazima uvute kifyatulio kwanza. Mwenye utulivu ametoa magazini, ametazama chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, amegusa kwa kidole kuhakikisha, ndipo anavuta. Mwenye usingizi baada ya zamu ya usiku anaweza kuruka hatua moja, na risasi iliyobaki chembani inapita ukutani. M&P ina kijiti kidogo ndani: ukishafunga kitelezi nyuma unakisukuma chini, na bastola inafunguka bila kifyatulio kuguswa. Wamiliki wengi wanakitaja kwa nusu sentensi, na wengine wanasema kinachelewesha. Kwangu mimi, nikifikiria meza ya jikoni, baba amechoka, na watoto chumba cha pili, nusu sentensi hiyo ilikuwa na uzito kuliko kurasa zote za usahihi wa shabaha.

Nilimwandikia mpwa wangu kwa kirefu. Nilimwambia Glock na M&P zote mbili ni imara, kwamba plastiki isimtie shaka, na kwamba kwa hali yake ningechukua M&P ya 9 mm, M2.0, ambayo huko aliikuta dukani kwa bei isiyofika dola 600. Aende uwanja wa shabaha wanakokodisha, apige zote mbili, ajaribu vipande vinne vya mpini vinavyokuja nayo mpaka kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Kuhusu toleo lenye kizuizi cha usalama cha kidole gumba na lisilo nacho, wamiliki wanagombana bila mwisho, nami nikamwachia mkufunzi wa kampuni yake, maana yeye ndiye atakayemzoesha. Na kabla ya bastola kuingia nyumbani, sanduku la chuma la kufunga liwe limekwisha kufungwa kwa skrubu. Sheria ya Texas yenyewe inamshika mtu aliyeacha silaha yenye risasi bila kuifungia, ikiwa mtoto wa chini ya miaka 17 ataifikia, lakini nilimwambia afanye hivyo kwa ajili ya mama yake kwanza.

Alinunua hiyo M&P. Nilimtaka aniletee maoni kwa safu zilezile, naye ameniletea kwa utii mpaka leo. Risasi zake za mazoezi ni za uzito mdogo, grein 115 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), na za kazini ni 124. Katika masanduku ya mwanzo ganda moja lilikwama, risasi za bei nafuu. Baada ya hapo hakuna. Magazini zilikuwa ngumu mno kujaza, alikuwa anaumia kidole gumba kwa risasi mbili za mwisho, sasa springi zimelainika kidogo. Kitelezi kinamchosha kukivuta mwanzo wa zamu akiwa na baridi. Mpini haujamchubua. Kutu hajaiona, ingawa jasho lake linaacha chumvi kwenye kitelezi na analifuta kila jioni. Mtihani wa leseni aliupita.

Dada yangu anampigia video na kumwambia amwonyeshe sanduku limefungwa. Ufunguo unakaa na mkwe wetu. Na magazini nazo ameziwekea utaratibu niliomshauri kutokana na wale waliotia namba: za mazoezi zina rangi nyekundu chini, zinaanguka mchangani anavyotaka, na za kazini hazina rangi wala hazishuki uwanjani isipokuwa kupimwa. Mwezi uliopita nyekundu moja imeanza kugoma risasi ya mwisho, na ameshaagiza springi yake.